Nilimwuguza mjomba, akaahidi kunilipa. Je, ahadi aliyoiandika baadaye ina nguvu kisheria?

Swali: Naishi Morogoro. Mjomba wangu alipata kiharusi, na mama yangu, ambaye ni dada yake, akaniomba nihamie kwake nimwuguze. Nilifunga genge langu la mboga nikakaa naye karibu miaka miwili, nikimwogesha, nikimlisha na kumpeleka kwenye mazoezi ya viungo. Alipoanza kuongea tena alinisihi nisiondoke. Baada ya kupona na kurudi dukani kwake, aliandika karatasi kwamba atanilipa shilingi milioni sita "kwa kuniuguza na kwa kuwa alifunga biashara yake", akasaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mwanawe mkubwa. Akanipa milioni moja. Sasa watoto wake wanasema mwanasheria amewaambia karatasi hiyo ni bure, kwa sababu kazi ilishafanyika kabla ya ahadi. Wanataka nichukue milioni mbili nisaini kwamba tumemalizana. Je, ni kweli karatasi yangu haina thamani?

Jibu: Dada yangu, pole kwa uliyoyapitia. Kabla ya mengine yote, usisaini hiyo karatasi ya "tumemalizana". Sababu nitakupa baadaye, nayo ni nzito.

Jibu la swali lako ni kwamba, kwa sheria ya Tanzania Bara, ahadi ya mjomba wako ina nguvu, na una msingi mzuri wa kumdai milioni tano zilizobaki. Mwanasheria wa binamu zako hakuitunga kanuni aliyoitaja. Ipo, ni ya zamani, na ingekuwa unaishi London ingekuangusha. Kosa lake ni kuichukua kanuni ya Uingereza na kuisimamisha hapa kana kwamba Bunge letu halikuigusa. Wakati Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina kifungu kinachozungumzia jambo lako karibu kama lilivyo.

Tuanze na kanuni yenyewe. Mahakama hazilazimishi kila ahadi. Mtu akikuambia "nitakununulia pikipiki" kwa ukarimu tu, kisha asinunue, utasikitika lakini huwezi kumshtaki. Ili ahadi ishikwe kisheria, lazima iwe imetolewa kwa kupata kitu kutoka upande wa pili. Kitu hicho ndicho mawakili wetu wanakiita malipo halali. Si lazima kiwe fedha. Kazi ni malipo, kuacha kufanya jambo ulilokuwa na haki ya kulifanya ni malipo, hata ahadi ya kujibu ahadi ni malipo. Huko New York mwaka 1891, katika kesi ya Hamer dhidi ya Sidway, mjomba alimwahidi mpwa wake dola 5,000 kama hatakunywa pombe, hatavuta tumbaku, hatatukana wala kucheza kamari mpaka afikishe miaka 21. Kijana akatimiza. Msimamizi wa mirathi akagoma kulipa, akisema kijana hakupoteza kitu, tena amefaidika kiafya. Mahakama ikasema kijana alikuwa na haki ya kunywa na kuvuta, akaiacha kwa sababu ya ahadi ile, na hayo ni malipo tosha.

Tofauti ya kijana yule na wewe ni mpangilio wa wakati. Yeye aliahidiwa kwanza, akatimiza baadaye. Wewe ulitimiza kwanza, ahadi ikafuata. Hapo ndipo mwanasheria wao anaposimama.

Kwa Waingereza, kitu kilichokwisha kufanyika kabla ya ahadi hakihesabiwi kuwa malipo ya ahadi hiyo. Mwaka 1842, katika kesi ya Roscorla dhidi ya Thomas, mtu alinunua farasi kwa paundi 30. Biashara ilipokwisha, muuzaji akamhakikishia kwamba farasi ni mzima na mtulivu. Kumbe alikuwa mkali. Mnunuzi akashindwa, kwa sababu paundi 30 zilinunua farasi, hazikununua ule uhakikisho uliokuja nyuma.

Lakini kesi ambayo nadhani mwanasheria wao anaitegemea, au angepaswa kuitegemea, ni ile ya McArdle ya mwaka 1951, maana ni ya kifamilia kama yako. Baba alifariki akaacha nyumba ambayo ingekuwa ya watoto wake baada ya mama yao kufariki. Mtoto mmoja aliishi humo na mkewe. Mke huyo akaikarabati nyumba kwa fedha zake, paundi 488. Baadaye ndugu wote walisaini karatasi wakisema kwamba kwa kuwa amefanya marekebisho yale, arudishiwe paundi 488 kutoka kwenye mirathi. Karatasi ipo, saini zipo, kiasi kimetajwa. Hata hivyo Mahakama ya Rufani ikasema hapana: ukarabati ulikwisha kabla ya karatasi kuandikwa, hivyo ahadi ile haikupewa kitu. Yule mwanamke hakupata hata senti. Mimi naiona hukumu hiyo kuwa ngumu mno kwa watu wanaoishi pamoja na kusaidiana kabla ya kuandikiana, lakini ndiyo sheria ya kule.

Sasa rudi Morogoro. Wakati wa utawala wa Waingereza, Tanganyika ilitumia Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, na tulipotunga yetu mwaka 1961 tukaifuata ile ya India karibu neno kwa neno. Walioiandika sheria ya India waliujua ugumu huo wa Waingereza, wakaupunguza kwa makusudi katika sehemu mbili. Zote mbili zinakuhusu.

Sehemu ya kwanza ni kifungu cha 2, kinachoeleza malipo ni nini. Kinasema ni pale ambapo, kwa matakwa ya mtoa ahadi, mpewa ahadi au mtu mwingine yeyote amefanya, anafanya au anaahidi kufanya jambo, au kuacha kulifanya. Iangalie hiyo "amefanya". Kazi iliyokwisha kufanyika imo ndani ya maana ya malipo, mradi ilifanyika kwa matakwa ya aliyeahidi. Mahakama ya Bombay ililisimamia hilo mwaka 1895 katika kesi ya Sindha dhidi ya Abraham, ambapo mtu alimtumikia mwingine kwa ombi lake mwenyewe, na ahadi ya kumlipa kila mwaka ikaja baada ya utumishi. Ahadi ikashikwa. Hukumu za India hazizifungi mahakama zetu, ila husikilizwa kwa uzito kwa kuwa maneno ya sheria ni yaleyale.

Kwako kuna kikwazo kidogo hapo, na afadhali nikitaje mimi kabla hawajakitaja wao. Aliyekuomba uhamie ni mama yako. Kifungu kinataka matakwa ya mtoa ahadi mwenyewe. Mwaka 1880 huko Allahabad, katika kesi ya Durga Prasad dhidi ya Baldeo, mtu alijenga soko kwa gharama zake kwa agizo la mkuu wa wilaya. Wafanyabiashara waliopata maduka humo wakamwahidi kamisheni ya mauzo yao. Walipokataa kulipa akashtaki, akashindwa, kwa sababu aliyeagiza soko lijengwe si wale wafanyabiashara. Binamu zako wanaweza kusema vivyo hivyo: mjomba hakukuita, dada yake ndiye aliyekuita, tena wakati ule hata kuongea alikuwa hawezi.

Kwa ile miezi uliyobaki baada ya yeye kukusihi usiondoke, hoja yao haina mashiko, kwa kuwa hayo ni matakwa yake kwa kinywa chake. Kwa hiyo kumbuka vizuri alisema nini, lini, na nani alikuwepo chumbani. Kama mhudumu wa mazoezi ya viungo alimsikia, au jirani aliyekuja kumjulia hali, andika jina lake leo. Kwa miezi ya mwanzo, unahitaji sehemu ya pili.

Sehemu ya pili ni kifungu cha 25. Kinaanza kwa kusema makubaliano yasiyo na malipo ni batili. Hapo ndipo mwanasheria wao alipoacha kusoma. Ukiendelea, kinataja mambo matatu ambamo ahadi inasimama hata bila malipo, na moja ni hili: ahadi ya kumfidia, kwa ukamilifu au kwa sehemu, mtu ambaye tayari amefanya jambo kwa hiari yake kwa ajili ya mtoa ahadi, au amefanya jambo ambalo mtoa ahadi alilazimika kisheria kulifanya. Sheria ya India iliweka mifano chini ya kifungu hicho, na miwili inafaa hapa. Mtu anaokota mkoba wa mwenzake na kumrudishia. Mwenye mkoba anaahidi kumpa rupia 50. Mtu anamlea mtoto mchanga wa mwenzake. Baba anaahidi kurudisha gharama. Hakuna aliyeombwa kabla, na ahadi zote mbili ni mikataba.

Wewe uko palepale. Ulifanya jambo, ulilifanya kwa hiari, ulilifanya kwa ajili yake yeye mwenyewe. Kuombwa na mama yako hakuondoi hiari yako, maana mama hakuwa na uwezo wa kukulazimisha kisheria. Wala usikubali kuambiwa ulikuwa ukitimiza wajibu wa mpwa. Huo ni wajibu wa utu na wa desturi, na unastahili kuheshimiwa, lakini hakuna sheria inayomlazimisha mpwa kufunga genge lake kwa miaka miwili. Na ahadi ile ilikuja kukufidia. Mazingira haya nayasoma kuwa yameingia ndani ya kifungu moja kwa moja.

Hapa kuna jambo moja kwenye karatasi yako ambalo limekuokoa, nawe huenda hukuliona. Mjomba aliandika kwamba analipa "kwa kuniuguza na kwa kuwa alifunga biashara yake". Maneno hayo yanaifunga ahadi kwenye jambo ulilolifanya. Angeandika "nampa mpwa wangu shilingi milioni sita kama zawadi kwa upendo wake", tungekuwa na kazi ngumu zaidi, kwa sababu zawadi iliyoahidiwa na haijatolewa haidaiwi. Nimeona familia zikilainisha maandishi ya namna hii kwa adabu, wakiandika "zawadi" au "asante" pale walipokusudia ujira, kwa kuwa kuandikiana ujira kati ya ndugu kunaonekana kama kukosa heshima. Adabu hiyo humgharimu mwenye haki.

Jambo jingine: tofauti na hizo mbili nyingine, ahadi ya kufidia chini ya kifungu hiki haihitaji hata maandishi. Ya mdomo ingetosha, ugumu ungekuwa kuithibitisha. Wewe una maandishi, mwenyekiti wa mtaa, na shahidi ambaye ni mtoto wa mjomba mwenyewe. Tena una ile milioni moja aliyokwisha kukupa. Mtu anayedhani hana deni haanzi kulipa.

Nakueleza hizo nyingine mbili kwa kifupi, kwa sababu watu huzichanganya. Moja ni ahadi kati ya ndugu wa karibu, iliyotolewa kwa mapenzi ya asili. Hiyo lazima iandikwe na isajiliwe chini ya sheria ya usajili wa nyaraka. Karatasi yako haikusajiliwa, kwa hiyo usiende mahakamani ukisema mjomba aliahidi kwa sababu anakupenda. Na hata ikisajiliwa, udugu peke yake hautoshi. Mwaka 1900 mahakama ya Calcutta, katika kesi ya Rajlukhy Dabee, ilikataa ahadi iliyosajiliwa ambayo mume alimpa mkewe, kwa sababu hati yenyewe ilieleza ugomvi wao mpaka wakaona watengane. Mapenzi hayakuonekana popote. Mwaka mmoja nyuma, mahakama ya Bombay iliikubali hati ya mtu aliyempa nduguye sehemu ya mali ili wapatane. Ya pili kati ya hizo mbili ni ahadi, iliyoandikwa na kusainiwa, ya kulipa deni ambalo muda wake wa kudaiwa mahakamani umekwisha.

Na mhuri wa wakili? Naulizwa hili mara nyingi kuliko lolote. Watu wanaamini karatasi ikigongwa mhuri wa wakili imekuwa mkataba. Uingereza kuna aina ya hati rasmi ambayo ikisainiwa kwa taratibu zake na kushuhudiwa hushikwa hata kama hakuna malipo yoyote. Kifungu chetu cha 25 hakina mlango huo. Mhuri wa wakili unasaidia kuthibitisha kwamba saini ni ya fulani na ilitiwa siku fulani. Haugeuzi ahadi tupu kuwa deni. Kwa hiyo mtu asikubabaishe kwamba karatasi yako ni dhaifu kwa kuwa haikupita kwa wakili.

Sasa niseme hoja ambayo ningeitumia mimi kama ningekuwa wakili wa upande wa pili, kwa sababu ndiyo ninayoiogopa. Si ya malipo hata kidogo. Kifungu cha 16 cha sheria hiyohiyo kinazungumzia ushawishi usiofaa. Kinasema mtu anachukuliwa kuwa na nguvu juu ya mwenzake pale anapoingia mkataba na mtu ambaye akili yake imeathirika, kwa muda au moja kwa moja, kwa sababu ya umri, maradhi au dhiki. Mgonjwa wa kiharusi na anayemlisha! Ikionekana makubaliano yenyewe ni ya kumwonea, mzigo wa kuthibitisha kwamba hukutumia nguvu hiyo unakuwa wako. Hapa ndipo tarehe zinapokuwa kila kitu. Wewe unasema aliandika alipokwisha kupona na kurudi dukani. Kama ni hivyo, alikuwa anahesabu fedha zake mwenyewe, hakukutegemea tena kwa chakula wala kuoga, na alimwita mwenyekiti wa mtaa na mwanawe washuhudie. Tafuta cheti cha hospitali kinachoonyesha hali yake karibu na tarehe ile. Tafuta hata stakabadhi ya dukani aliyoiandika wiki hiyo.

Hoja hiyo inakutana na nyingine wanayoweza kuleta, kwamba milioni sita ni nyingi mno kwa kazi ya kuuguza ndugu. Mahakama hazipimi kama malipo yanalingana na ahadi. Mwaka 1960, katika kesi ya Chappell dhidi ya Nestlé, majaji wa juu wa Uingereza walisema hata karatasi za kufungia chokoleti, ambazo kampuni ilizitupa zikishapokelewa, ni sehemu ya malipo kwa kuwa kampuni ilizitaka. Sheria yetu inasema vivyo hivyo kwenye kifungu cha 25: makubaliano hayawi batili kwa sababu tu malipo ni kidogo, ila udogo huo unaweza kuangaliwa mahakama inapojiuliza kama mtu alikubali kwa hiari. Basi hesabu ya milioni sita ijibu kwa hesabu. Genge lako lilikuingizia kiasi gani kwa siku? Msaidizi wa nyumbani anayeuguza mgonjwa Morogoro analipwa nini kwa mwezi? Zidisha kwa miezi uliyokaa. Sitashangaa ukikuta mjomba wako alikupunja kuliko alivyokuzidishia.

Watasema pia kwamba mambo ya nyumbani si ya mahakama. Kuna ukweli humo. Katika kesi ya Balfour dhidi ya Balfour ya 1919, mume aliyekuwa akifanya kazi Ceylon alimwahidi mkewe paundi 30 kwa mwezi, na mahakama ikasema wanandoa wanaoishi kwa maelewano hawakukusudia kushtakiana. Lakini watu wakishakaa chini, wakataja kiasi, wakaita mashahidi kutoka nje ya nyumba na kusaini, wamekwisha kuonyesha kwamba hawazungumzi kama watu wa sebuleni tu. Kwa karatasi yako hoja hii siihofii.

Wasomaji wengine watauliza kama haya yanazihusu ahadi za michango. Mtu amesimama kwenye kikao cha harusi akaahidi laki tano, kadi imeandikwa jina lake, siku ya siku simu haipatikani. Au ameahidi mabati ya msikiti, au saruji ya kanisa. India wana kesi mbili ambazo ukizisoma pamoja utapata jibu. Mwaka 1886, katika kesi ya Kedarnath Bhattacharji dhidi ya Gorie Mahomed, mtu aliandikisha mchango wa rupia 100 kwa ajili ya ukumbi wa mji wa Howrah. Kwa kutegemea michango iliyoandikishwa, kamati ikaingia mkataba na mjenzi. Mahakama ikamwamuru alipe, kwa sababu alijua fedha zinachangwa kwa kazi gani na kwamba kamati ingejifunga kwa mjenzi. Mwaka 1914, katika kesi ya Abdul Aziz dhidi ya Masum Ali, mwingine aliahidi rupia 500 za kukarabati msikiti. Ukarabati haukuanza, hakuna aliyeingia gharama, na mahakama ikasema hadaiwi. Kwa hiyo kamati ya harusi iliyolipia ukumbi baada ya ahadi, na kwa kutegemea ahadi hiyo, ina cha kusema. Iliyokusanya majina tu haina. Mimi nisingemshauri mtu aende mahakamani kwa mchango wa harusi, lakini kwa ujenzi wa zahanati au darasa, ambapo fundi anadai, ningeshauri kamati iandike kwenye fomu kwamba kazi itaanza kwa kutegemea ahadi zilizosainiwa.

Kama ungekuwa Kenya, jibu langu lingebadilika. Kule Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inaleta sheria ya kawaida ya Uingereza, yaani ile inayotokana na hukumu za mahakama, na milango ya kifungu chetu cha 25 haimo. Ungelazimika kupita kwenye njia nyembamba iliyofunguliwa na kesi ya Lampleigh dhidi ya Brathwait ya mwaka 1615. Brathwait aliua mtu, akamwomba Lampleigh amtafutie msamaha wa mfalme. Lampleigh akasafiri kwa gharama zake kuhangaikia msamaha huo, kisha Brathwait akaahidi kumlipa paundi 100. Ahadi ikashikwa kwa sababu kazi ilianza kwa ombi lake. Mwaka 1979 Baraza la Faragha, mahakama ya London iliyosikiliza rufani kutoka makoloni, katika kesi ya Pao On dhidi ya Lau Yiu Long, likaweka wazi kinachotakiwa: kazi iwe imefanyika kwa ombi la mtoa ahadi, wote wawili wawe walielewa kwamba italipiwa, na ahadi iwe ya aina ambayo ingeshikwa kama ingetolewa mapema. Hapo ungeshikilia yale maneno ya mjomba ya kukusihi ubaki, na ungeulizwa sana kama mlielewana kwamba kuna ujira. Wala usingeweza kuegemea ile kanuni kwamba mtu asigeuke ahadi ambayo mwenzake ameitegemea, iliyopata umaarufu kwa kesi ya High Trees ya 1947. Miaka minne baadaye, katika kesi ya Combe dhidi ya Combe, mahakama ilisema kanuni hiyo ni ya kujikinga unaposhtakiwa, haimpi mtu dai jipya. Nawe, kwa vyovyote, uliacha genge kabla ya ahadi. Hukuliacha kwa sababu yake.

Turudi kwenye ile karatasi ya "tumemalizana", maana ndiyo hatari yako ya leo. Kwa Waingereza, mdai akikubali sehemu ya deni la fedha badala ya deni zima, bado anaweza kudai kilichobaki, kwa sababu mdaiwa hakutoa kitu chochote kwa ajili ya msamaha huo. Ndivyo ilivyoamuliwa mwaka 1884 katika kesi ya Foakes dhidi ya Beer. Na katika kesi ya D & C Builders dhidi ya Rees ya 1965, wajenzi wadogo waliokuwa wanadai paundi 482 walilazimika, kwa shida ya fedha, kupokea 300 na kuandika kwamba deni limekwisha. Mahakama iliwaruhusu kudai zilizobaki. Huenda mtu amekuambia hivyo: "Chukua hizo mbili, nyingine utadai baadaye."

Usimsikilize. Hapa sheria yetu imeachana na ya Waingereza kwa upande wa pili. Ina kifungu kinachomruhusu mdai kusamehe deni lote au sehemu yake, au kupokea kitu kingine badala yake, bila mdaiwa kutoa malipo yoyote kwa msamaha huo. Maana yake ni kwamba sheria ileile inayoisimamisha ahadi ya mjomba wako inaweza kuufanya msamaha wako nao usimame. Ukisaini kwa hiari kwamba milioni mbili zimemaliza yote, milioni tatu zimekwenda, na mahakama itakuuliza nani alikushika mkono.

Fanya hivi. Piga nakala za karatasi yako, na ile halisi usimpe mtu yeyote "aiangalie nyumbani". Ongea kwanza na mjomba mwenyewe, bila binamu zako, pamoja na mama yako na mwenyekiti yule wa mtaa. Aliyeahidi ni yeye, na mara nyingi mzee hana tatizo, wenye tatizo ni wanaosubiri mirathi. Ikishindikana, mwandikie barua ya madai ukitaja tarehe ya karatasi, kiasi alichoahidi, kiasi alichokwisha kulipa na siku unazompa. Una miaka sita ya kufungua shauri la mkataba, lakini usiisubiri, kwa sababu mjomba wako amewahi kupata kiharusi na shahidi wako mkubwa anaishi nyumbani kwake. Dai la kiasi hiki unaweza kulifungua Mahakama ya Mwanzo.

Na kama fedha zimekubana na zile milioni mbili unazihitaji, zipokee. Andikeni nakala mbili, kila upande ubaki na moja, zenye maneno haya: "Nimepokea shilingi milioni mbili, ikiwa ni sehemu ya shilingi milioni sita zilizoahidiwa kwa karatasi ya tarehe fulani. Pamoja na milioni moja niliyopokea awali, baki ni shilingi milioni tatu." Wakikataa kusaini hayo, basi zikatae.